Mkate Usiondolewe Kabla ya Damu Kupimwa

Katika nyumba nyingi za mjini siku huanza kwa chai na kitu cha kutafuna. Baba huenda zamu na kipande cha mkate mkononi, watoto huenda shule wakiwa wamekula chapati au maandazi, na yule mdogo abakiye nyumbani hupewa biskuti ili atulie. Ni nadra mtu kukaa akafikiri kwamba ndani ya vyakula hivyo vyote mna kitu kimoja, nacho ni unga wa ngano. Wala hakuna sababu kubwa ya kufikiri hivyo, kwa kuwa walio wengi hawadhuriki nao hata kidogo. Lakini wako watoto ambao ngano hiyo hiyo huwaharibu utumbo kidogo kidogo, mpaka mtoto anakonda huku anakula. Ugonjwa wao huitwa siliaki. Leo tunataka kuzungumza juu ya kipimo cha damu kiutambulishacho ugonjwa huo, na hasa juu ya kosa moja ambalo mzazi aweza kulitenda kwa nia njema kabisa, akakiharibu kipimo hicho kabla sindano haijagusa mkono wa mtoto.

Kosa lenyewe ni hili. Mzazi anasikia kwamba ngano huenda ndiyo adui, naye anaiondoa mezani siku hiyo hiyo. Wiki zinapita, mtoto anaanza kunawiri, anacheza na wenzake. Miezi baadaye anapelekwa kupimwa, na karatasi ya maabara inarudi ikisema kwamba hana kitu. Karatasi haikusema uongo. Iliulizwa swali wakati shahidi amekwisha kuondoka.

Ili jambo hili lieleweke vema, hapana budi tuanze na utumbo wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba si laini kama bomba la maji. Umefunikwa na vijinyuzi vingi mno, mithili ya taulo, na vijinyuzi hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula na kukiingiza katika damu. Sasa katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai, mna protini ambayo kwa jumla huitwa gluteni. Mama aliyewahi kukanda unga wa chapati anaijua gluteni ijapokuwa hajapata kuisikia kwa jina: ndiyo ule mnato unaolifanya donge livutike bila ya kukatika. Unga wa mahindi hauvutiki hivyo, kwa kuwa gluteni ya namna hiyo haimo. Kwa mtoto mwenye siliaki, askari wa mwili wanaotulinda na maradhi hukiona kipande cha gluteni kuwa ni adui aliyevamia. Wanapigana naye pale pale utumboni, na katika vita hivyo vijinyuzi ndivyo viumiavyo. Taulo huchakaa likawa shuka. Chakula hupita bila ya kufyonzwa, na mtoto hufa njaa na sahani yake imejaa.

Dalili zijulikanazo zaidi ni kuharisha kusikokoma, tumbo kuvimba huku mikono na mapaja yakikonda, kukosa hamu ya kula, na mtoto kuwa mkorofi pasipo sababu. Lakini wako wasioharisha kabisa. Wengine hufunga choo. Wengine hawana ishara yoyote isipokuwa kimo kifupi, au upungufu wa damu usiosikia dawa za madini ya chuma, au kubalehe kunakochelewa. Watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, wale wenye hali ya Down, na wale ambao mzazi au ndugu yao wa tumbo moja anao ugonjwa huu, wamo hatarini kuliko wengine.

Hapa yafaa nimzuie msomaji kidogo. Mwandishi wa safu hii si mganga, lakini hahitaji kuwa mganga kujua kwamba si kila mtoto mwenye tumbo kubwa ana siliaki. Minyoo, vijidudu vya maji machafu, utapiamlo, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI huwadhoofisha watoto wetu wengi zaidi, na hivyo ndivyo daktari atakavyovitazama kwanza. Atakuwa na haki. Siliaki hutafutwa pale ambapo hayo yametazamwa na mtoto bado hanawiri, au pale ambapo katika ukoo kuna mgonjwa anayejulikana.

Hata hivyo tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Huko Ulaya takribani mtu 1 kati ya 100 anao, lakini upo pia India ya kaskazini, Uarabuni na Afrika ya Kaskazini. Tena mfano mkubwa kuliko yote hautoki Ulaya. Mwaka 1999 Daktari Carlo Catassi wa Italia na wenzake walitangaza katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwapima damu watoto wapatao elfu moja wa Wasaharawi, watu wa jangwani ambao wengi wao wamekuwa wakimbizi karibu na Tindouf nchini Algeria tangu katikati ya miaka ya 1970. Waliwakuta watoto 5.6 katika kila 100 wana siliaki. Wahenga wa Wasaharawi waliishi zaidi kwa maziwa na nyama ya ngamia, na tende. Kambini chakula kikuu kikawa mkate wa unga wa msaada. Watu waliozaliwa na urithi ulio mwepesi kushikwa na ugonjwa huu walipewa, kwa wema, kile kile kilichowadhuru. Kama si kipimo cha damu, nani angeweza kuwatenga watoto hao miongoni mwa wengi walioharisha kwa sababu nyingine?

Wataalamu walichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1887 Daktari Samuel Gee alitoa mhadhara katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, akaueleza ugonjwa huu vizuri sana. Alisema kwamba kama ipo tiba, basi itapatikana katika chakula. Chakula gani? Hapo akapotea njia: aliukataza wali, akauruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kubanikwa pande zote mbili! Mwaka 1924 Daktari Sidney Haas wa New York akaja na tiba ya ndizi. Aliwapa watoto ndizi mbivu kwa wingi, akawanyima mkate, viazi na nafaka, nao wakapata nafuu, na sifa zote zikaiendea ndizi. Msomaji mwenye asili ya Bukoba au Tukuyu atafurahi kusikia hivyo, lakini ukweli ni kwamba waliponeshwa na kile kilichoondolewa, wala si kile kilicholetwa.

Aliyeipata siri ni Daktari Willem Karel Dicke wa hospitali ya watoto ya mjini The Hague, Uholanzi. Alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Uholanzi ikiwa bado mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, njaa kali iliikumba nchi, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Taifa zima lilidhoofika, lakini watoto wenye siliaki wakaonekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke aliyaandika matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu aliyoitoa Utrecht mwaka 1950, na tangu hapo tiba imekuwa moja: kuiacha gluteni, na kuiacha maisha yote.

Neno hilo, maisha yote, ndilo lifanyalo kipimo kiwe jambo kubwa. Kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba hatakula mkate, keki ya arusi wala sambusa ya Idi mpaka uzee wake si jambo la kubahatisha. Na kumwacha mgonjwa wa kweli aendelee kula, eti kwa sababu hatukuwa na hakika, ni kumnyima kimo chake na damu yake. Ndiyo maana zamani madaktari walitaka ushahidi mzito. Tangu mwaka 1956, Daktari Margot Shiner alipoonyesha namna ya kupitisha mrija kinywani na kunyofoa kipande kidogo cha utumbo mwembamba, hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha haki. Mwaka 1969 wataalamu wa watoto wa Ulaya walikutana Interlaken, Uswisi, wakapatana kwamba mtoto anyofolewe mara tatu: anapokula ngano, baada ya kuiacha, na tena baada ya kurudishiwa. Mzazi anayelalamika leo kwa sababu ya sindano moja na awafikirie wazazi wa wakati ule.

Damu ndiyo iliyowapunguzia watoto mateso hayo. Wengi hudhani kwamba maabara huitafuta gluteni ndani ya damu. La hasha. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umezifua kwa ajili ya vita. Mwanzoni zilitafutwa kingamwili zilizofuliwa dhidi ya gliadini, ambayo ni sehemu ya gluteni ya ngano. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro, kwani watu wengi wazima wa afya wanazo. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa matumbo ya watoto hakikipendekezi tena, na mzazi akielezwa kwamba mwanawe amehukumiwa kwa kipimo hicho cha zamani peke yake, ana haki ya kuuliza maswali.

Kisha miaka ya 1980 kikaja kipimo kiitwacho cha endomisiamu. Utaratibu wake hustaajabisha. Mtaalamu huchukua kipande chembamba mno cha koo la kima, au cha kitovu cha mtoto mchanga, akakipaka maji ya damu ya mgonjwa, kisha dawa yenye kung'aa. Kama kingamwili zimo, hunata, na chini ya hadubini nyuzi zile hung'aa kijani gizani. Ni kipimo cha kuaminika sana, ila hutegemea jicho la msomaji na subira yake.

Lakini kingamwili hizo zilikuwa zinashika nini hasa? Jibu lilitoka Berlin mwaka 1997, kwa Detlef Schuppan na wenzake. Zilikuwa zinakishika kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi. Kimeng'enya hicho ni chetu wenyewe, na mojawapo ya kazi zake ni kuunganisha na kukarabati nyama za mwili, kama fundi wa viraka. Katika kazi yake hukishika kipande cha gluteni, wakaonekana wawili hao pamoja. Basi askari wa mwili, wakija kumkamata mgeni, humkamata na fundi, kama vile ambavyo mchukuzi wa sokoni hukamatwa pamoja na mwizi kwa kuwa alimbebea furushi. Tangu kugunduliwa kwa siri hiyo, maabara ziliweza kukipaka kimeng'enya hicho katika visahani vidogo, zikatia damu, na kuisoma rangi kwa mashine. Rangi ikizidi kukolea, kingamwili ni nyingi. Mashine hutoa tarakimu, na tarakimu yaweza kulinganishwa.

Ilinganishwe na nini? Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa. Kila aina ya kipimo ina kikomo chake cha juu cha mtu mzima wa afya, nacho huandikwa kando ya jibu. Tarakimu 40 ya maabara moja si lazima ilingane na 40 ya maabara nyingine. Swali la kumwuliza daktari ni hili: jibu la mwanangu limekizidi kikomo mara ngapi? Mwaka 2012 chama kile cha Ulaya kiliamua kwamba baadhi ya watoto hawahitaji tena kunyofolewa utumbo, na mwaka 2020 kikarahisisha masharti. Kingamwili za transglutaminesi zikifika mara 10 ya kikomo au zaidi, itolewe damu mara ya pili, siku nyingine, ipimwe kwa kipimo cha endomisiamu. Kikikubali nacho, yatosha. Uamuzi huo huufanya daktari bingwa pamoja na wazazi. Damu ya pili si ukaidi wa madaktari. Ni kinga dhidi ya chupa iliyobandikwa jina la mtoto mwingine, na dhidi ya hukumu ya maisha kwa tarakimu moja.

Jibu likiwa juu ya kikomo lakini chini ya mara 10, mtoto hulazwa usingizi wa dawa, mpira mwembamba wenye taa hupitishwa kinywani, na vipande vichache vya utumbo hutolewa. Wazazi wengi huogopa, na hofu yao yaeleweka. Lakini kingamwili kidogo zaweza kuwapo na kisha kutoweka zenyewe, hasa kwa watoto wenye kisukari. Afadhali asubuhi moja ya hofu.

Upo mtego mwingine usiojulikana na wengi. Kingamwili zipimwazo ni za aina ya A, ambayo maabara huiandika IgA. Sasa wako watu wachache waliozaliwa na mwili usiotengeneza kabisa aina hiyo, na miongoni mwa wagonjwa wa siliaki idadi yao ni kama 2 hadi 3 katika kila 100. Mtoto wa namna hiyo aweza kuwa na utumbo ulioharibika vibaya, na bado kipimo kikasema hana ugonjwa. Kwa sababu hiyo yapaswa IgA yote ya mwili ipimwe pamoja na kipimo cha transglutaminesi, kutoka chupa ile ile. Ikiwa haba, hutumika vipimo vya aina nyingine, iandikwayo IgG. Karatasi ikirudi na jibu la kwanza tu, mzazi aulize lile la pili liko wapi.

Turudi sasa kwa mkate wetu. Kingamwili hufuliwa maadamu adui yumo. Gluteni ikiondolewa, mwili hupunguza kufua, na katika miezi kadhaa, au zaidi ya mwaka kwa wengine, damu huwa safi. Kwa hiyo mtoto atakayepimwa hana budi awe anakula ngano. Mwongozo wa Uingereza hutaka aile katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kipimo. Kwa mtoto wetu wa mjini hilo si gumu: mkate asubuhi, chapati au tambi jioni. Ugumu ni wa moyo. Mama anayemwona mwanawe akiumwa tumbo baada ya kila kipande huona kwamba anaambiwa amtese. Basi njia ya kumhurumia ni kuiharakisha siku ya kipimo. Na kama ngano imekwisha kuondolewa, mama asiirudishe kwa shauri lake mwenyewe. Amweleze daktari ukweli wote, tangu siku gani na kwa kiasi gani, naye atapanga namna ya kuirudisha.

Kuna pia kipimo cha urithi, ambacho hakijali mtoto anakula nini. Huangalia kama anazo jeni ziitwazo DQ2 au DQ8. Asipokuwa nazo, siliaki haielekei kuwapo. Lakini akiwa nazo, hilo halithibitishi kitu, kwani huko Ulaya watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo, na walio wengi hawataugua kamwe.

Ugonjwa ukithibitika, jiko la Mwafrika ni rafiki mkubwa kuliko jiko la Mzungu. Ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, wali, ndizi, viazi, maharage, samaki, nyama na mboga zote, hivi havina neno. Vitumbua vya mchele mtupu ni halali yake, na togwa ya kimea cha ulezi pia. Hatari hujificha mahali pengine: katika mafuta yaliyokaangiwa maandazi, katika uji wa lishe uliochanganywa na ngano, katika mashine ya kusagia ambayo kabla ya mahindi yako ilisaga ngano ya jirani. Tena majirani hawaamini. Bibi atampa kipande cha mkate kwa siri, akisema kidogo hakimdhuru mtoto.

Lakini damu humfichua bibi. Baada ya kuanza chakula kipya, mtoto hupimwa tena kila baada ya miezi kadhaa, na tarakimu ile iliyokuwa juu yapasa iteremke hatua kwa hatua. Ikigoma kuteremka, daktari hatamgombeza mtu. Atauliza mtoto hushinda kwa nani.

Wazazi na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe, hata wakiwa wanene na wachangamfu, kwa kuwa takribani 1 kati ya 10 wao hukutwa nao. Nao pia, mpaka siku ya kutolewa damu, wasinyimwe mkate kwa kumwonea mgonjwa huruma.